Ukuta wa Ruiru na Hotuba Yangu ya Kwanza

Mjukuu wangu anafanya kazi ile ile niliyoifanya mimi, kazi ya kukagua nyumba za watu. Jumapili iliyopita alikuja kuniuliza dawa ya kutotetemeka. Amealikwa kusema kwenye kongamano, mara yake ya kwanza, na tangu apate barua ya mwaliko hali chakula vizuri. "Guka, wewe ulifanyaje?" akaniuliza. Nikamwambia karatasi aiweke mezani, asiishike mkononi, maana mkono ukitetemeka karatasi hupiga kelele na ukumbi mzima husikia. Maji anywe kabla ya kusimama. Kisha amtafute mtu mmoja aliyeketi nyuma kabisa, amwambie huyo, wengine watasikia wenyewe. Akaandika yote kwenye simu, akaridhika. Jambo lenyewe sikumwambia, kwa sababu chai ilikuwa imeletwa na wageni wengine wakaingia. Basi naliandika hapa, alisome yeye na ninyi wenzake. Mimi huwa napenda kujisifu, mama wa watoto wangu alikuwa shahidi, lakini leo sitajisifu.

Nilianza kazi Thika katika miaka ya hamsini, wakati wa ile Hali ya Hatari tuliyoiita Imajensi, nikiwa kijana asiye na ndevu aliyenunua wembe kwa kujionyesha tu. Cheo changu kilikuwa msaidizi wa mkaguzi wa nyumba katika lokesheni, yaani mtaa wa Waafrika. Wapangaji waliniita Karani, na nikishageuka waliniita Bwana Gunia. Jina hilo la pili nililistahili, na nitawaeleza kwa nini.

Vyumba vya lokesheni vilijengwa kwa mwanamume mmoja na kitanda chake. Baadaye wakuu waliruhusu familia kuingia baadhi ya vyumba, lakini chumba kilibaki kile kile: mlango mmoja, kidirisha kimoja juu karibu na paa, na kuta nne. Watu wakafanya ambalo hata wewe ungelifanya. Walitafuta magunia, na Thika magunia hayakosekani, wakayashona pamoja na kuyaning'iniza kwenye waya katikati ya chumba. Upande huu baba na wageni, upande ule mama na watoto. Sheria ya mji ilikataza jambo hilo. Ilisema magunia yanazuia hewa, yanaleta ugonjwa wa kifua, yanashika moto. Haikuwa sheria ya upumbavu mtupu, maana niliwahi kuona chumba kilichoungua kwa gunia na koroboi. Kwa hiyo kila mwezi tulipita na fimbo ndefu yenye ndoano ya chuma, tukayavuta magunia chini, tukayakunja na kuyapeleka stoo. Mkono wangu ulikuwa mwepesi katika kazi hiyo, na nilijua hivyo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nahashon, mkaguzi mwenyewe, aliyekuwa mwashi kabla ya kupewa kofia ya mji. Alikuwa na maarifa ambayo hayako kwenye vitabu vyenu. Unyevu wa ukuta alikuwa akiupima kwa mgongo wa kiganja, kwa sababu kiganja chenyewe cha mfanyakazi kimekufa ganzi. Paa linavuja wapi alimwuliza mama wa nyumba, hakumwuliza baba. "Baba atakwambia halivuji," alisema, "maana mvua ikinyesha yeye hayuko." Akibisha hodi, aliupa mlango mgongo na kutazama barabarani mpaka aitwe. Na akiingia ndani alisimama mbele ya lile gunia, akagonga mbao za kitanda, akasema hodi mara ya pili.

Mimi nilicheka. "Mzee, gunia lina mlango?"

"Kwako ni gunia," akanijibu. "Kwa mwenyewe ni ukuta."

Nilikuwa nimesoma mpaka darasa ambalo yeye hakufika, basi sikumsikiliza.

Asubuhi moja niliingia kwa Mwaniki. Huyu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha ngozi, mtu mpole wa kanisa, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti. Mkewe Nyambura alikuwa amejifungua siku nne zilizopita, mtoto wao wa pili wa kike. Kwetu Wakikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na wa pili jina la mama wa mama. Kwa hiyo mtoto huyu alikuwa Wanjiru, na Wanjiru mkubwa, mama yake Nyambura, alikuwa amekuja kutoka Murera kumwona wa jina lake na kumtunza binti yake. Huko Murera aliishi kwenye laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi wa shamba la mkonge. Siku zile Mkikuyu hakutoka hapa kwenda pale bila pasi, na pasi yake ya wiki mbili aliipata baada ya kusimama kwenye foleni siku tatu.

Sijui kama bado mnafundishwa mambo haya. Heshima kati ya mtu na muthoni wake, yaani mama mkwe, ilikuwa kubwa kuliko ya mchungaji. Hawakula pamoja, hawakulala nyumba moja, na wakikutana njiani mmoja aliinamisha macho. Kuingia kanisani hakukuiondoa heshima hiyo. Mwaniki, kwa kuwa hakuwa na chumba kingine, alilala kwa rafiki yake siku zote ambazo mama alikuwepo, na mama alilala nyuma ya magunia na binti yake. Bafu la lokesheni lilikuwa la wanaume, hivyo mama aliogea pia nyuma ya magunia, kwenye karai.

Asubuhi hiyo Nyambura alikuwa nje, nyuma ya nyumba, akiota jua na mtoto. Mwaniki alikuwa ametoka kazini wakati huo huo, akaingia kuchukua kikombe akidhani wote wako nje, akasikia mtu akikohoa nyuma ya gunia. Alielewa, akageuka atoke. Hapo ndipo nikabisha hodi na kuingia bila kungoja.

"Karani, ngoja kidogo," akasema. "Twende tuongelee huko nje."

"Kuna nini huko ndani?"

"Kuna mtu."

Sasa nyinyi mlio katika kazi mtanielewa. "Kuna mtu" ni maneno niliyoyasikia kila mwezi kwa kila aliyeficha mpangaji asiyeandikishwa. Nilifikiri nimemkamata. Nikapitisha fimbo juu ya bega lake, nikatia ndoano, nikavuta. Mwaniki aligeuka kunizuia, na kwa kugeuka kwake akaona. Mama alikuwa amesimama ndani ya karai, kama alivyozaliwa, maji yakimtiririka.

Hakupiga kelele. Mwaniki alijifunika uso kwa mikono yote miwili, akateremka chini kando ya mlango mpaka akakaa sakafuni. Mama aliokota shuka, akajifunika, macho yake yakiwa kwangu. Baada ya muda mfupi alitoka akiwa amevaa, kiondo mgongoni, kitambaa kimeshushwa mpaka machoni. Nyambura alimwita mama yake, "Maitu! Maitu, unaenda wapi? Na mtoto?" Hakugeuka. Alishika barabara ya Murera kwa miguu.

Nami niliyakunja yale magunia, nikaandika ripoti. Ripoti zetu zilikuwa na kanuni moja: jina la mtu, nambari ya chumba, kilichofanyika. Isiyokuwa na jina na nambari ilirudishwa. Niliandika yote, na mwisho nikaandika kwamba hakukuwa na upinzani.

Mzee Nahashon aliisoma jioni ofisini. "Hii ya Mwaniki, ulibisha kwa gunia?"

Nikaanza kupanga karatasi mezani.

"Enda Murera. Umwombe huyo mama msamaha. Usikawie."

"Nitaenda, Mzee."

Sikwenda. Wiki ya kwanza nilisema sina pasi, ya pili nikasema baiskeli ina pancha. Kweli yenyewe ni kwamba niliona haya, na haya ya kijana ina visingizio vingi.

Wakati huo barua ikaja. Maofisa wa nyumba wa miji kadhaa wangekutana Thika, na kwa mara ya kwanza karani Mwafrika angeruhusiwa kusoma hotuba mbele yao. Mkubwa wetu, Mzungu mmoja mrefu ambaye hakuwa mtu mbaya, aliniita. "Wewe nafanya kazi mzuri," akaniambia kwa Kiswahili chake. "Gunia yote nakwisha. Wewe tasema kwa mkutano." Hotuba alikuwa ameshaiandika yeye mwenyewe, kwa Kiingereza, kurasa nne zilizopigwa taipu: namna tulivyoondoa magunia Thika na hewa ikawa safi. Mwishoni palikuwa na sentensi iliyosema kwamba nyumba mpya za familia zitakazojengwa Ruiru zifuate mfano huo huo, chumba kimoja kikubwa kisicho na kitu katikati. Ramani ya Ruiru ingepitishwa siku hiyo hiyo. Ikipita, nyumba zingesimama hivyo, na watu wangezaa na kuugua na kupokea wakwe ndani yake maisha yao yote.

Nililielewa hilo vizuri. Nililielewa na hili pia: aliyefukuzwa kazi siku zile hakupoteza mshahara tu, alipoteza ruhusa ya kukaa mjini. Angerudishwa kwenye kijiji cha Imajensi kilichozungushiwa handaki na miiba, na mama yangu alikuwa ananitegemea mimi.

Nilifanya mazoezi stoo, kati ya marundo ya magunia niliyoyateka mwenyewe, nimevaa koti la kuazima ambalo mikono yake ilinifika vidoleni. Mzee Nahashon aliketi juu ya rundo moja akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kizungu yako ni safi," akasema. "Lakini unaongea kama mtu hajawahi kuingia nyumba ya mtu."

"Sasa niseme vipi?"

"Sijui. Mimi sijawahi kuitwa kusema." Akainuka akajipangusa suruali. "Murera umeenda?"

"Nitaenda mkutano ukiisha."

Siku ilipofika ukumbi ulijaa. Mbele waliketi maofisa, nyuma kwenye mabenchi tuliketi sisi makarani, wakaguzi na wasimamizi wa laini za mashamba. Ramani ya Ruiru ilibandikwa ukutani. Nilipoitwa miguu yangu ilikwenda yenyewe. Mimi nilibaki kwenye benchi. Karatasi niliishika mkononi, na ndiyo maana nawaambia habari za kelele zake. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikasoma wa pili. Nilipofungua wa tatu, nikainua macho, nikaiona ile ramani. Kila nyumba ilikuwa mraba mtupu. Nilimwona yule mama amesimama katikati ya mraba.

Nikaweka karatasi chini. Kiingereza kilinikimbia, nikasema kwa Kiswahili, na mkalimani, akiwa amenitolea macho, akaanza kunifuata.

Nilisema kwamba hotuba hii inasema hakukuwa na upinzani, na kwamba mimi ndiye niliyeandika maneno hayo. Nikasema nitawaeleza upinzani ulivyokuwa. Na kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kwamba habari isiyo na jina na nambari si habari, nilitaja. Nikataja laini, nikataja nambari ya chumba. Nikamtaja Mwaniki na kiwanda chake. Nikasema, "Wanjiru, mama mkwe wake, kutoka shamba la mkonge Murera," nikasema alikuwa wapi, alikuwa amesimamaje, na nani alimwona. Nikasema kosa ni langu, kwamba gunia lile lilikuwa ukuta, na kwamba serikali inayojenga nyumba ya familia bila ukuta ndani inamwambia mtu achague kati ya nyumba na heshima yake. Nilifuta macho kwa ule mkono mrefu wa koti.

Kisha nyuma mtu mmoja akapiga makofi, na mabenchi yote yakafuata. Mwenyekiti, mzee wa Kizungu mwenye miwani, alimgeukia mchora ramani akamwuliza kitu kwa sauti ya chini. Mchora ramani alisimama, akatoa penseli sikioni, akaenda ukutani akapiga mstari ndani ya mraba wa kwanza. Akapiga ndani ya wa pili. Nilimwangalia mpaka akamaliza safu nzima, na moyo wangu haujawahi kujaa vile, hata siku ya harusi yangu.

Mkubwa wangu hakunifukuza. Aliniambia tu, "Karatasi yangu nasoma nusu," akaenda zake. Makarani waliniinua mkono, wakaninunulia mandazi na chai, kila mmoja akitaka nirudie. Nami nilirudia, na kila mara nilitaja kila kitu. Mzee Nahashon ndiye peke yake ambaye hakuja mezani. Nilimkuta nje akifungua baiskeli yake.

"Umesema mambo ya kweli," akaniambia. "Ukuta umepata. Sasa chukua hii baiskeli yangu, enda Murera."

"Leo?"

"Hata umekawia."

Nilimwambia Jumapili, kwa sababu pasi ya kutoka Thika ilikuwa bado haijapigwa mhuri. Hilo halikuwa kisingizio, lakini kama ningaliiomba mapema ingalikuwa mfukoni.

Jumapili nilikwenda na sukari na leso mpya. Nilikwenda kwa furaha, tena nikipiga mluzi, sitawaficha. Nilikuwa na habari njema na msamaha wa kuomba, na niliona vitu viwili hivyo vinafaana. Mama alikuwa nje ya chumba chake akichambua maharagwe kwenye ungo. Alinitambua. Alinipa kigoda, akaingia ndani, akaniletea uji, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Nilipiga magoti nikamwomba radhi, kisha nikamweleza habari za Ruiru, mchora ramani na penseli yake, na ukuta.

Alichambua maharagwe mpaka nikamaliza.

"Wakati nilitoka Thika," akasema, "hii kitu tulikuwa tunajua watu wanne. Mimi, mkwe wangu, binti yangu, na wewe. Mwaniki alituma wazee. Tukaongea, tukasikizana. Mbuzi ilikuwa ichinjwe hii Jumamosi imepita, hii aibu iishe. Ingeisha, kijana yangu."

Wa tano, Mzee Nahashon, sikumtaja; nikasema, "Ndiyo, mama," kwa kuwa bado sikuona tunakokwenda.

"Karani wa hii shamba alikuwa kwa mkutano yenu. Alirudi hapa kabla jua haijaingia. Sasa nikienda kwa bomba, wanawake wananyamaza. Vijana wanaita nambari ya ile chumba, wanacheka. Wazee wa Mwaniki wamerudi wakasema mbuzi moja haiwezi kutosha tena, kwa sababu hii si aibu ya nyumba, ni ya watu wote."

Aliweka ungo chini, akanitazama kama alivyonitazama siku ile.

"Ulitaka ukuta. Ni vizuri. Si ungesema tu, mama mmoja?"

Vijana wangu, nimeulizwa maswali na mameya na mawaziri. Hilo ndilo swali pekee ambalo sijapata kulijibu. Ningesema mama mmoja, na mchora ramani angetoa penseli yake vile vile. Hakuna mtu katika ukumbi ule aliyehitaji jina lake. Nililihitaji mimi, ili nionekane mtu mwenye habari kamili. Uji ulipoa mkononi mwangu. Aliniambia niunywe, nikaunywa wote, nikaaga. Sukari aliipokea, leso akanirudishia.

Mkisimama mbele za watu, na mtasimama, mtakuwa na habari za watu mfukoni. Mgonjwa mliyemkuta amelala chini, mjane aliyewaonyesha paa lake, mtoto aliyeungua. Watawafanya msikilizwe, na mtawapenda kwa sababu hiyo. Nendeni kwao kwanza, muwaulize. Wakikataa, semeni mama mmoja, au msiseme kabisa. Nami sisemi hivi kwa kuwa nimekuwa mwema. Hata leo nimewapa majina ambayo si yao, wala chumba sijakitaja nambari, na bado nimeandika nikisita.

Nyumba za Ruiru zilijengwa na ukuta ndani. Nilihamishiwa huko nikawa mgawa nyumba, na Mwaniki akapata kazi kwenye shamba la kahawa la jirani, akaomba nyumba, akapata. Siku ya kukabidhi alikuja Nyambura, mtoto Wanjiru akitembea mwenyewe. Nilimfungulia mlango nikampa mgongo. Nilimsikia akizunguka ndani, upande huu, kisha upande wa pili. Alipotoka alikuwa ameushika ufunguo kwa mikono miwili.

"Ukuta ni mzuri, Karani," akasema.

"Mama atakuja kuuona?" nikamwuliza. Nilikuwa nimekaa na swali hilo tangu alfajiri.

"Nilimwambia. Nilimwambia iko pahali yake ya kulala, na mlango." Alimwinua mtoto akamweka kiunoni. "Alisema mtoto nitakuwa nikimpeleka Murera. Yeye hapa hawezi kulala. Alisema kila mtu anajua hii ukuta ilijengwa juu yake akioga."

Hakulisema kwa hasira. Kisha akaniambia asante, maana alikuwa amelelewa vizuri, na mimi nikaenda kufungua nyumba iliyofuata.